Camp Lejeune: VA inawatibu wazee bure kwa ugonjwa wa maji, halafu fidia inawanyima kwa ugonjwa huohuo

Wakuu, huu ni uhuni. Mzee aliyetumikia Marine, jeshi la Marekani, pale kambi ya Camp Lejeune, North Carolina, ambako maji ya matumizi yalichafuliwa na kemikali, akiugua kansa ya matiti, VA (idara ya Marekani ya wanajeshi wa zamani) inamtibu bila kumtoza senti, kwa kuwa imo kwenye magonjwa 15 ya sheria ya 2012. Akidai fidia ya ulemavu, VA hiyohiyo inamjibu kwamba ugonjwa hauhusiani na utumishi wake! Orodha ya fidia, ya 2017, ina magonjwa manane tu: kansa za figo, ini na kibofu zimo, Parkinson imo, ya matiti haimo.

Aliye ndani ya hayo manane anathibitisha tu siku 30 kambini kati ya Agosti 1953 na Desemba 1987. Hata hapo wanavuruga: mkaguzi wa idara mwaka 2022 alikuta madai kama 21,000 kati ya 57,500 yameshughulikiwa vibaya, mengi yakikataliwa kabla mdai hajaombwa ushahidi. DD-214 (cheti cha kuondoka jeshini) isipoitaja Lejeune, agiza faili zima la utumishi kutoka kituo cha kumbukumbu za wanajeshi, St. Louis.

Aliye nje ya orodha anahitaji barua ya daktari inayounganisha ugonjwa na maji, na hapa ndipo wengi wanakwama. "Maji yanaweza kusababisha" ni karatasi ya kufungia maandazi. Daktari aandike kwamba amesoma faili, uwezekano kwamba maji ndiyo chanzo ni asilimia 50 au zaidi, na kwa nini. Ataje kemikali iliyokuwa kwenye maji ya eneo lake la kambi (Tarawa Terrace ni PCE iliyotoka kwa dobi, Hadnot Point ni TCE), muda mgonjwa aliokaa, na kama alivuta sigara aseme kwa nini sigara pekee haitoshi kuueleza ugonjwa.

Ukishakataliwa na unataka kupinga, barua hiyo usiibandike kwenye fomu 20-0996! Ile ni ya afisa mkubwa kupitia yaliyokuwemo, ushahidi mpya hausomwi. Tumia fomu 20-0995 (dai la nyongeza, lenye ushahidi mpya), au nenda Bodi ya rufaa ya VA kwa fomu 10182 ukichagua njia ya ushahidi, una siku 90 za kuuleta. Vyovyote vile, usivuke mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi, la sivyo malimbikizo ya nyuma yamekwenda.

Na kabla ya kujaza chochote, omba faili la madai. Maoni ya daktari wao hayaji na barua ya kukataliwa, na mara nyingine ukiyasoma unakuta ameandika unene na sigara, maji hakuyagusa kabisa. Hilo litaje kwenye rufaa kwa ukurasa wake.