Nimeambiwa nina homa ya ini B, sili wala silali. Naombeni ushauri

Mtu wa Mikindani: Wakuu, nilienda kumchangia damu mjomba, nikaitwa pembeni: una homa ya ini aina ya B. Miezi 6 ikapita, juzi nimerudia kipimo, bado ipo. Wanasema sasa ni sugu. Karatasi nikapewa, maelezo hakuna. Kila nikigusa ubavu wa kulia nahisi ini linaoza. Kikombe changu nimekifunga uzi mwekundu kisichanganyike na vya watu. Nimebakiza miaka mingapi?

Salfa Tatu: Pole mkuu. Haya ndiyo matunda ya kuchepuka.

Binti Shangani: Acha kumhukumu. Wengi wetu tumezaliwa nayo. Mimi nina mwaka wa nne, napima ini kila baada ya miezi 6, dawa sijaanzishwa. Na kikombe fungua huo uzi, haiambukizi kwa chakula wala vyombo. Ni damu, ngono, na mama kwa mtoto.

Babu Newala: Usiende kwa mganga. Shemeji yangu aliuza shamba la mikorosho, akanywa mizizi mwaka mzima. Tulimzika tumbo limejaa maji.

Binti Shangani: Una mke?

Mtu wa Mikindani: Suala langu ni dawa.

Binti Shangani: Nimeuliza una mke?

Mtu wa Mikindani: Ninaye. Ana mimba ya miezi 7. Hajui. Nimemwambia mgongo unauma, nalala mkekani sebuleni. Msinilaumu, namkinga. Nimepata kibarua ghala la korosho Masasi, naondoka Jumamosi hadi ajifungue.

Salfa Tatu: Chai hii! Saa hizi tunapuliza salfa kwenye mikorosho, minada ya korosho bado kabisa. Ghalani utabeba nini? Mods futeni mada hii.

Babu Newala: Hata mimi nimeshtuka hapo.

Mtu wa Mikindani: Kibarua hakipo. Ndicho nitakachomwambia mke wangu.

Salfa Tatu: Dah. Samahani, kaka.

Binti Shangani: Sikiliza, mdogo wangu. Kabla ya huo mkeka mmelala pamoja miaka mingapi? Kukimbia sasa hakumkingi. Apimwe wiki hii. Akiwa hana, achanjwe, dozi 3, hata mjamzito anachoma. Akiwa nayo, mtoto achanjwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe, msingoje ile ya wiki ya 6. Mtoto akiipata wakati wa kuzaliwa, 9 kati ya 10 hubaki nayo maisha. Mimi ni mmoja wao. Mama hakuambiwa na mtu.

Mtu wa Mikindani: Atasema nimemletea.

Babu Newala: Atasema. Mwache aseme, wewe uwepo.

Mtu wa Mikindani: Ameamka. Anauliza naandikiana na nani saa hizi. Nampa simu asome mwenyewe.