Mbwa anayerukia wageni: kumfunga, kumgeuzia mgongo au kumfundisha kuketi?

Mama wa Lanet
Habari zenu. Nina mbwa wa miezi 10, chotara wa German Shepherd. Si mkali hata kidogo, ni furaha tu inayomzidi. Mtu akibisha hodi getini, miguu iko kifuani. Juzi mama mkwe alitoka Njoro na gauni lake la kanisa, akaondoka na nyayo mbili za matope begani, vidole vyote vinahesabika. Niliumia sana. Nimeshauriwa njia hizo tatu. Nani amezijaribu?

Fundi Kondele
Pole dada. Kumfunga kunakuokoa siku hiyo tu. Wangu alishinda kwenye mnyororo mchana kutwa, na akifunguliwa jioni hashikiki. Kumgeuzia mgongo ni afadhali: akiruka unakunja mikono, humtazami, husemi neno, maana hata kumsukuma kwake ni mchezo. Miguu minne ikigusa chini, hapo hapo unamsalimu. Siku za mwanzo anaweza kuruka zaidi ya kawaida, usilegee. Shida ni wageni. Mmoja akisema "mwache tu, mimi napenda mbwa", mnaanza upya.

Mwalimu Kakamega
Na mgeni mwoga je? Huwezi kumwambia asimame tuli ageuke huku mbwa anamjia mbio! Ndiyo maana mimi nilichagua kuketi. Mbwa aliyeketi hawezi kuruka.
Nilianzia jikoni, bila mgeni, dakika tano asubuhi na tano jioni. Zawadi ni omena kavu, mmoja mmoja. Mpe chini, usawa wa kidevu chake. Ukiinua mkono juu, umemwita aruke. Akishaelewa, kila mtu wa nyumbani abishe hodi, hata mwenye ufunguo. Hodi, keti, omena. Baada ya wiki mbili sauti ya hodi yenyewe ilimkalisha. Ndipo nikaomba kijana wa jirani aje kama mgeni.

Mama wa Lanet
Kwa hiyo kamba niitupe?

Mwalimu Kakamega
Hapana mama. Wakati wa mazoezi ikanyage, ukimwachia urefu wa kusimama na kuketi tu. Akikosea, hamfikii mtu.

Mzee wa Dunga
Naongeza moja: msimpige goti kifuani. Zamani tulifundishwa hivyo, nami nilifanya. Mbwa wangu akaanza kuwangurumia wageni kabla hawajafika mlangoni, kwa sababu mgeni alikuwa amegeuka ishara ya maumivu. Ilinichukua miezi kumrudisha. Na chanjo ya kichaa cha mbwa isipite mwaka, hasa kwa mbwa anayekutana na watu wengi.

Mama wa Lanet
Wiki ya tatu sasa. Leo asubuhi muuza maziwa amebisha hodi. Ameketi! Mkia unafagia vumbi, makalio yameinuka kidogo, nikangoja, yakarudi chini. Nimempa omena watatu. Mama mkwe anakuja Jumamosi, na kamba nitakuwa nimeikanyaga.