Bonanza la familia shuleni: mbio za watoto zimefutwa, mnada wa keki umeendelea. Huu ni uhuni!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Shule anayosoma binti yangu, ya binafsi hapa Dar (jina naliweka kando kwa sasa), Jumamosi ilikuwa na bonanza la familia la kufungia mwaka. Tangazo lilikuja kwenye grupu la wazazi: mbio za mita 100, kupokezana vijiti, kukimbia na magunia, ndimu na kijiko, wazazi na walimu kuvuta kamba, halafu pilau na muziki. Kiingilio 10,000 kwa kichwa, tisheti ya mtoto 20,000 na ni lazima. Nililipa bila kinyongo. Mtoto akishindana huku wazazi wake wanamwona, hela hiyo haijapotea.

Watoto wakatakiwa uwanjani saa moja na nusu asubuhi. Michezo ikaanza? Thubutu! Wanamsubiri mgeni rasmi. Jua la Dar la mwisho wa mwaka mnalijua. Mahema yote ni ya wageni na wadhamini, viti vimevalishwa vitambaa, watoto wamekalishwa kwenye nyasi kavu juani. Mgeni katia mguu saa tano kasoro. Wakati huo mtoto wa darasa la pili alishaanguka. Huduma ya kwanza hakuna. Aliyemmwagia maji ni mama wa watu tu, na maji yenyewe kayanunua palepale, nusu lita 1,000. Mmekusanya viingilio vyote vile, ndoo za maji ya kunywa zimewashinda!

Zikafuata hotuba. Meneja, mwenyekiti wa kamati, mdhamini, kisha mgeni mwenyewe. Akamsifu Alphonce Simbu kwa dhahabu ya marathoni ya dunia aliyoitwaa Tokyo 2025, akamkumbuka Filbert Bayi na rekodi yake ya mita 1,500 ya mwaka 1974, akasema watoto wetu wawaige. Sawa kabisa. Sasa wawaige saa ngapi, mkiwa mmewakalisha chini asubuhi nzima?

Saa saba MC anatangaza kwamba muda umebana, mbio za vijiti za darasa la tatu hadi la sita zimefutwa, tuhamie kwenye burudani.

Binti yangu yuko la nne, ndiye wa kumalizia kwenye timu yake. Vijiti walijitengenezea wenyewe, vipande vya bomba la maji wamevizungushia utepe mwekundu. Walikuwa wanabaki kufanya mazoezi baada ya vipindi, mwalimu wa michezo akiwafundisha kupokea bila kugeuka nyuma. Tangazo linatolewa, wao wameshajipanga kwenye mistari ya chokaa, namba zimebanwa kwa pini kifuani. Hawakuondoka. Walidhani wataitwa. Mwalimu wao akaenda meza kuu kuomba dakika kumi, nimemwona kwa macho yangu akipungiwa mkono arudi alikotoka. Huyo mwalimu sina ugomvi naye, na asije akaguswa kwa ajili ya uzi huu.

Hiyo burudani yenyewe ilikuwa mnada wa keki. Zaidi ya nusu saa wanapandishiana bei ya keki moja! Kumbe muda ulikuwepo, isipokuwa wa watoto.

Msije kuniambia nimhamishe mtoto. Ada nimelipa, rafiki zake wako pale, na walimu wanafundisha vizuri. Wanaotakiwa kubadilika ni waandaaji.

Ninachotaka: mbio zilizofutwa zikimbiwe kabla shule haijafungwa, asubuhi na mapema, bila mgeni rasmi, maji yawepo na kivuli kiwepo. Mapato na matumizi ya bonanza wasomewe wazazi. Na mwakani ratiba ianze na watoto, mgeni akichelewa awakute wanakimbia.

Wazazi wa la tatu hadi la sita mliomo humu, mmeshajua ni shule ipi. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu. Njooni tuingie wote.