Baba ana saratani ya umio: kwa nini mionzi kabla ya upasuaji?

Kitindamimba:
Wakuu, naombeni mnieleweshe. Baba alianza kukwamwa na vyakula vikavu, sasa hata vya majimaji vinapita kwa taabu. Kamera ilionyesha uvimbe katikati ya umio, kinyama kikapimwa: saratani ya seli bapa. CT scan haikuona ilikosambaa. Daktari anataka dawa na mionzi kwanza, upasuaji baadaye. Kwa nini wasiukate sasa hivi? Na kaka yangu anang'ang'ania awekewe sitenti, yaani kibomba cha kutanua umio, ili ale.

Tumbo_Kifuani:
Pole mdogo wangu. Jina langu hapa si utani: umio wangu ulitolewa, tumbo likavutwa juu kifuani. Nami nilitaka kisu kwanza.

Nilichoeleweshwa ni hiki. Uvimbe ukisinyaa kabla, daktari anapata nafasi ya kuutoa wote bila kuacha mabaki pembeni. Utafiti wa Uholanzi uitwao CROSS, uliochapishwa 2012, ulitumia mionzi mara 23 pamoja na dawa za saratani, kaboplatini na paklitakseli, kila wiki kwa wiki 5, kisha upasuaji. Nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 49. Kwa waliopasuliwa tu ilikuwa 24. Na kwa aina hiyo ya baba, karibu nusu hawakukutwa na saratani yoyote kwenye kipande kilichokatwa.

Mionzi ilinichoma koo hasa, kumeza kukawa kugumu zaidi kabla ya kulegea. Kwa hiyo uliza mapema kuhusu mpira wa kumlishia. Akikonda sana, upasuaji wenyewe unakuwa hatari. Siku hizi nakula kidogo kidogo mchana kutwa na kulala nimeegemea mito, maana kilichomo tumboni hupanda. Mke wangu ameshazoea.

Kitindamimba:
Asante kaka. Na sitenti?

Nesi_Zamu:
Kwa anayetarajiwa kupasuliwa apone, kwa kawaida huepukwa: inaweza kuhama, kutoboa umio na kuvuruga upasuaji. Inawafaa zaidi wale ambao saratani imeshasambaa, wapate kumeza. Ila baba akianza kupaliwa na kukohoa kila anapokunywa maji, mpelekeni siku hiyohiyo, msingoje kliniki. Huenda kuna tundu kati ya umio na njia ya hewa, na hapo sitenti hutumika kuliziba.