Mtu wao ameshakaa kwenye kiti, tangazo la kazi la nini?

Wakuu habari zenu. Kuna taasisi moja mkoani kwetu ilibandika nafasi moja ya msaidizi wa kumbukumbu, mkataba wa mwaka mmoja, maombi siku tano na mbili kati ya hizo ni wikendi. Sifa ya mwisho eti awe na uzoefu na mfumo wa masjala wa taasisi hiyo. Sasa mtu wa nje huo uzoefu kaupatia wapi?

Nikaomba hivyo hivyo. Kopi, muhuri wa wakili kwenye vyeti, picha, nauli, elfu arobaini na kitu imeondoka. Siku ya usaili tupo 18 kwenye benchi, anatoka dada mmoja ndani anatugawia karatasi ya mahudhurio, tukimaliza kusaini anasaini na yeye halafu anakaa mwisho wa benchi. Kumbe ni msailiwa mwenzetu! Sihitaji kuwaambia nani kapata.

Na sina ugomvi na yule dada, kajitolea pale miaka miwili na kazi anaijua. Ninachouliza sisi 18 tuliitwa kufanya nini kama sio kujaza faili ili mkaguzi akija akute ushindani ulikuwepo? Ajira za kudumu angalau kuna Sekretarieti ya Ajira na mchujo wa kuandika, japo mnakumbuka 2014 watu zaidi ya elfu kumi walivyojazana Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Hizi za mkataba zinaanzia na kuishia kwenye ofisi yao wenyewe. Kama mtu yupo mpeni mkataba mseme tumempa, mtuachie nauli zetu.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu mimi nimekaa upande wa pili wa hiyo meza. Utaratibu unataka tangazo, usipotangaza unapata hoja ya ukaguzi, ukitangaza mnasema danganya toto. Na nikimwacha anayeijua kazi nichukue mgeni nimfundishe miezi minne kwenye mkataba wa mwaka, hapo nimesaidia nani?

*Mleta mada:* Basi andika kwenye tangazo kwamba yupo anayekaimu hiyo nafasi. Mwenye nauli ya kuchezea aje, mwingine abaki kwao.

*Mchangiaji wa pili:* Nyote mnazunguka. Huko kujitolea huyo dada kaingiaje, mliona tangazo? Mtoto wa mkulima wa Urambo kamaliza Chuo cha Utumishi Tabora, atajitolea mjini miaka miwili bila hata posho, analala kwa nani na anakula nini? Mchujo ulishafanyika siku ile mjomba aliposema njoo uanze Jumatatu.

*Mleta mada:* Dah. Mimi barua yangu ya kuomba kujitolea pale pale ilipokelewa mwaka juzi, ikagongwa muhuri, hadi leo kimya.