Saa za Uswisi: tunalipia mashine, jina au hadithi?

Mdadisi_Mkuu

Wakuu, heshima kwenu. Shemeji yangu kanunua Omega Speedmaster, ile ya kutia ufunguo kwa mkono. Kila asubuhi anaitia ufunguo, na simu yangu bado iko sahihi kuliko saa yake. Nikimuuliza pesa zote zile za nini, ananijibu neno moja tu: urithi.

Nikaingia kusoma matangazo ya kampuni za saa za Uswisi. Huyu tangu 1755, yule tangu 1839, mwingine tangu 1848. Umri si hoja, hata kobe ana miaka mingi. Mwenye kuzijua saa anieleze bila lugha ya wauzaji: Uswisi ilifikaje hapo, na mtu analipia nini hasa? Kama ni mbwembwe tu, semeni tu, sitamwambia.

Kijiti

Mbwembwe tu mkuu. Saa ya Uswisi yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, ambacho ndicho wanachojivunia, inaruhusiwa kwenda mbele sekunde 6 au kurudi nyuma sekunde 4 kwa siku. Kwa siku! Saa ya betri ya kawaida kabisa inapotea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Hapo kuna la kujadili?

Fundi_wa_Jura

Kijiti, hesabu zako ni sahihi na sina ubishi nazo. Kama shida ni kujua sasa ni saa ngapi, vita hivyo viliisha tarehe 25 Desemba 1969, siku Seiko walipoanza kuuza Astron ya betri kule Japani. Mimi ni fundi saa, nipo La Chaux-de-Fonds kwenye milima ya Jura, na kutwa nzima kazi yangu ni kufungua saa za watu. Nitajibu ninavyoziona zikiwa wazi mezani.

Tuanze na Geneva. Karne ya 16 ulikuwa mji wa masonara wazuri. Akaja Jean Calvin na msimamo wake mkali wa dini, vito na mapambo vikapigwa vita. Wakati huohuo Waprotestanti waliokuwa wakiandamwa Ufaransa wakawa wanakimbilia humo, na baadhi yao walikuwa mafundi saa. Sonara aliyenyimwa vidani akahamia kwenye kasha la saa, maana saa ni chombo cha kazi, nani atakulaumu? Kufika 1601 mafundi saa wa Geneva walishakuwa na chama chao chenye kanuni zake.

Geneva ilitoa ustadi na wateja wenye pesa. Lakini wingi, ule uliofanya dunia nzima ivae saa za nchi ndogo hivi, ulitoka huku juu milimani (najua navutia kwangu, mnivumilie). Huku theluji hukaa miezi, shamba halilimiki, ng'ombe wako zizini. Mkulima alikaa dirishani akatengeneza kitu kimoja tu msimu mzima: skrubu, au magurudumu, au mishale. Nyumba ya pili walifanya kingine. Anayetajwa sana kuwa alieneza kazi hii tangu mwisho wa karne ya 17 ni Daniel JeanRichard. Halafu palikuwa na mfanyabiashara wa kati, akipita kukusanya vipande, akaviunganisha vikawa saa, akauza. Hakuna aliyekuwa na kiwanda. Au tuseme kiwanda kilikuwa bonde zima.

Mji wetu uliungua 1794. Ulipojengwa tena ukapangwa kwa mistari iliyonyooka, barabara sambamba na mteremko, safu za nyumba zikiachiana nafasi ili karakana zipate mwanga. Ukipita Rue Numa-Droz leo utaona madirisha makubwa yamebanana ghorofani, na ukijua kazi ya saa utaelewa mara moja walikuwa wanatafuta nini. Karl Marx aliutaja mji huu kwenye "Capital" kama kiwanda kimoja kikubwa cha saa. Le Corbusier alizaliwa hapa 1887, baba yake akiwa mpakaji wa enameli (rangi ngumu ya kioo) kwenye nyuso za saa, na yeye mwenyewe alianza kwa kujifunza kuchonga makasha ya saa kabla hajageukia majengo. Mwaka 2009 UNESCO waliuingiza mji huu, pamoja na jirani yetu Le Locle, kwenye Urithi wa Dunia.

Sasa jambo ambalo matangazo hulipitia kwa haraka. Urithi huo ni wa mafundi wengi waliokuwa wakiuziana vipande, na majina makubwa yamekuwa yakichota humo humo. Mwaka 1967 LeCoultre wa Le Sentier, Bonde la Joux, walikamilisha mashine ya ndani ya saa, nyembamba na inayojitia ufunguo yenyewe, namba 920. Wao hawakuiweka kwenye saa yao hata moja! Audemars Piguet waliitumia kwenye saa yao ya Royal Oak ya 1972, Patek Philippe kwenye Nautilus ya 1976, Vacheron Constantin kwenye 222 ya 1977. Kila mmoja aliirekebisha na kuing'arisha kwa mkono wake, lakini asili ni moja. Na Royal Oak na Nautilus zote zilichorwa na mtu yuleyule, Gérald Genta. Mashabiki wa nyumba hizi tatu wanavyorushiana maneno, mimi nacheka tu.

Kisha betri ikatupiga. Mwaka 1970 sekta hii iliajiri watu karibu 90,000. Kufika katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000. Watu wa Le Locle husimulia habari ya Charles Vermot, fundi wa kampuni ya saa ya Zenith. Wenye kampuni, Wamarekani, waliamuru kazi ya saa za springi isimame na vifaa vyake viondolewe. Vermot akavificha darini, kidogo kidogo, vifaa pamoja na maandishi ya jinsi ya kuunda mashine ya El Primero. Miaka ilipobadilika vikashushwa, na kuanzia 1988 Rolex wenyewe walikuwa wanaitia El Primero ndani ya saa yao ya Daytona.

Na nani aliyeokoa jahazi? Swatch ya 1983. Plastiki, betri, vipande 51, chini ya faranga 50. Pesa za plastiki ndizo zilizowapa nafasi ya kurudi kuuza dhahabu. Baada ya hapo ndipo neno urithi lilipoanza kuuzwa kwa nguvu. Jina la Blancpain lilikuwa limelala, likanunuliwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, likatangazwa kwa majivuno kwamba halijawahi kutoa saa ya betri. Kweli kabisa, betri zilipotamba lenyewe lilikuwa usingizini. Kwa hiyo mwaka uliochapwa usoni usikutetemeshe, Mdadisi.

Unalipia nini? Nikuonyeshe kitu kimoja. Ndani ya saa kuna vipande bapa tunaviita madaraja, ndivyo vinavyoshikilia magurudumu. Kwenye saa nzuri kingo zake zimekatwa mshazari na kung'arishwa. Mashine ya kiwandani inakata kingo ya nje vizuri tu. Lakini pale kingo mbili zinapokutana kwa ndani, zikafanya kona kali, kisu kinachozunguka hakiwezi kuingia, kinaacha mviringo. Kona kali ya ndani ni ya mkono: tupa, kisha kijiti laini cha mti na dawa ya kung'arishia. Bonde la Joux bado wapo wanaotumia bua la jentiani lililokaushwa, ua la milimani la njano. Ukiinamisha daraja chini ya taa, mwanga unakimbia kwenye kingo, unafika konani, unakatika ghafla, unaanza upya upande wa pili. Ukiona hivyo ujue kuna mtu alikaa hapo muda mrefu, na mara nyingi kona yenyewe iko upande ambao mwenye saa hataufungua maisha yake yote.

Na hizo sekunde 6, Kijiti, zinatoka kwenye 86,400 za siku. Mashine ya kawaida ya leo inapiga mara 8 kila sekunde, mchana na usiku, kwa nguvu ya utepe wa chuma uliokunjwa. Mwenye saa anaivaa, anaivua, anailaza ubavu, anatoka kwenye baridi anaingia kwenye joto. COSC wanaipima mashine siku 15, mikao mitano, kwenye nyuzi 8, 23 na 38. Simu inaishinda, ndiyo. Mimi bado sijazoea kuiona ikifaulu.

Mwalimu_Fizikia

Naongezea hapo kwenye joto. Springi nyembamba ya gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku kuhesabu muda, zamani ilikuwa ikibadilika kila hali ya hewa inapobadilika, saa ikikimbia au kuchelewa. Aliyefungua njia ni Charles Édouard Guillaume, mzaliwa wa Fleurier huko huko Jura, mtoto wa fundi saa. Alichunguza michanganyiko ya chuma na nikeli hadi akapata invar, ambayo karibu haitanuki kabisa kwa joto, na elinvar, ambayo mnyumbuko wake hautikisiki. Nobel ya fizikia ya 1920 ni yake. Springi za kisasa zinatokana na ukoo wa kazi hiyo.

Kijiti

Fundi umenipunguzia maneno. Ila pesa yangu inabaki kwenye betri.

Mdadisi_Mkuu

Shukrani sana, Fundi na Mwalimu. Mawili ya mwisho. Kwanza, hayo maandishi ya "Swiss Made" chini ya uso wa saa yana uzito wowote? Pili, shemeji anasema saa yake ni akiba, ataiuza kwa bei ya juu baadaye.

Fundi_wa_Jura

La kwanza: yana uzito wa kisheria, lakini usiyasome zaidi ya yalivyo. Tangu Januari 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa lazima iwe ya Uswisi, mashine iwe ya Uswisi na ifungiwe kwenye kasha Uswisi, na ukaguzi wa mwisho ufanyike hapa. Asilimia 40 inayobaki ina ruhusa ya kutoka popote. Kuna kampuni zinazotengeneza karibu kila kitu nyumbani, na kuna zinazokaa juu ya mstari wa 60 tu. Maandishi ni yaleyale kwa zote. Alama ya Geneva, Poinçon de Genève ya tangu 1886, inabana zaidi, kwa sababu inaangalia pia jinsi vipande vilivyong'arishwa.

La pili: mwambie asahau. Watu husikia Patek ya Grandmaster Chime ilifika faranga milioni 31 kwenye mnada Geneva mwaka 2019, wanadhani kila saa ni kiwanja. Ile ilikuwa moja tu duniani, na mnada ulikuwa wa hisani. Speedmaster zinatengenezwa nyingi, na kila baada ya miaka kadhaa mafuta ndani yanakauka, inabidi ifunguliwe, ioshwe, ipakwe upya, na fundi Mswisi hafanyi kazi ya bure.

Lakini kwa saa aliyoichagua, simlaumu. NASA waliipima wakaikubali Machi 1965. Siku ya Apollo 11 Armstrong aliiacha yake ndani ya chombo kwa sababu saa ya humo ilikuwa imeharibika, Aldrin akashuka na yake mkononi. Apollo 13 walipozima karibu kila kitu, waliitumia kupima sekunde 14 za kuwasha injini ili kurekebisha njia ya kurudi nyumbani. Halafu ni saa ambayo fundi yeyote aliyesoma vizuri ataielewa akiifungua, na hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko dhahabu.

Mwambie hili moja tu kutoka kwangu: asiitie ufunguo ikiwa bado iko mkononi. Aivue kwanza. Ikiwa imevaliwa, vidole vinakishika kile kidude cha pembeni kwa mshazari, na mhimili wake unaminywa upande mmoja kila asubuhi. Azungushe taratibu mpaka ahisi imegoma, aache hapo hapo.