Kwa nini kwenye movi za kisayansi wakubwa huwa wanaganda janga likifika?

bundi_macho: Wakuu salama? Nimerudia Shin Godzilla, ile ya Wajapani ya 2016, yani dude linakuja mjini halafu mawaziri wanahama chumba hiki cha mkutano kwenda kile maana kikao cha kwanza hakina mamlaka ya kuamua. Waziri mkuu anawatangazia wananchi haliwezi kupanda nchi kavu, hajamaliza kuongea anaambiwa limeshapanda 😂 Hivi waandishi wanawaonea tu au taasisi ndo zilivyo?

kobe_wa_anga: Hawawaonei. Movi ilitoka miaka 5 baada ya tsunami ya Machi 2011 na yale ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Wajapani walijua fika nani anasemwa. Na ukiangalia vizuri pale hakuna mjinga, kila mtu anafanya kazi yake sawasawa ila sheria inajua mafuriko, inajua vita, mnyama haimjui, sasa jeshi litoke kwa kifungu gani? Muda wote unaliwa hapo. Wanaokuja kuokoa jahazi ni kale katimu ka wasumbufu wa maofisini walioambiwa humu vyeo havihesabiki.

Sayari9: Soma Foundation, riwaya ya Asimov. Terminus, sayari ya wasomi, inatishiwa na falme jirani, wakubwa wao wamekomaa kuandika ensaiklopidia, eti mfalme mkuu atatulinda. Mwaka wa 50 Seldon, yule mwanasayansi aliyewaanzishia kazi hiyo, anatokea kwenye rekodi anawaambia ensaiklopidia ilikuwa geresha toka mwanzo. Mi niliwahurumia kusema kweli.

mama_roketi: Sheria mnazionea bure. Alien ya 1979, Ripley, ofisa wa chombo cha angani, anagoma kufungua mlango, karantini ni masaa 24, na mwenzao ana kitu kimemng'ang'ania usoni. Akaonekana ana roho mbaya. Ash, mwanasayansi wao, akafungua, kilichofuata mnakijua, karibu wote wakafa. Na wewe bundi umeruka ile sehemu ya Godzilla helikopta zimeshalenga, waziri mkuu anasimamisha kisa kuna mtu kabeba bibi mgongoni wanavuka reli. Ulitaka apige?

bundi_macho: Aah hapana, pale hata mi ningesimamisha. Ila Ash hakufungua kwa huruma dada, alikuwa na amri ya siri ya kampuni, wanamtaka yule kiumbe. Kwa hiyo bado taasisi ndo imeua.

mama_roketi: Hiyo kesi nyingine sasa, wale hawakuganda. Walijua wanachotaka na walikipigia hesabu mapema, wafanyakazi wa chombo wakawekwa kwenye hasara.